Chini ya picha andikeni zaidi ya "mtindo wa Tingatinga"

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie maneno matatu yaliyowachosha wachoraji wetu: "mtindo wa Tingatinga". Gazeti likichapisha picha ya kuchorwa yenye soko, kituo cha daladala, foleni ya zahanati au wanawake wakitwanga, chini yake huwekwa maneno hayo, na mwandishi akiwa na haraka zaidi huandika kwamba msanii "ameathiriwa na Tingatinga". Neno "ameathiriwa" lenyewe kwetu lina harufu ya wodini. Lakini hilo tulisamehe. Lisilosameheka ni kwamba msomaji haambiwi nani kachora, lini, juu ya nini na kwa rangi gani, kisha anaachwa aamini kuwa tangu mwaka 1968 kizazi baada ya kizazi kimekuwa kikirudia mkono wa mtu mmoja.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akapitia mashamba ya mkonge Tanga, akaingia Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliodhani wanamfukuza mwizi. Ni miaka minne tu. Katika miaka hiyo alichora zaidi mnyama mmoja au ndege mmoja katikati ya ubao, nyuma yake pakiwa rangi moja tulivu. Watu aliwachora pia, ila mnyama aliyejaza ubao ndiye aliyempa jina. Soko lenye watu sitini, kila mmoja na shughuli yake, halikutoka kwake. Kama mchoraji wa leo anachora soko hilo na bado tunasema ana kitu cha Tingatinga, basi tuonyeshe kitu hicho ni kipi hasa.

Mimi nasema ni ubao na kopo la rangi, pamoja na utaratibu unaotokana na hivyo viwili. Athari ya mchoraji wa zamani hupita kwanza kwenye vifaa na hatua za kazi, ndipo ifike machoni.

Tuanze na ubao. Shiti ya hadibodi, ile ya kupigia dari, ina futi 4 kwa 8. Ukiikata kwa futi mbili mbili unapata vipande 8 vya mraba, hakuna hata kipande cha kutupa. Ukilijua hilo, ule mraba wa kama sentimita 60 unaouona kwenye picha nyingi za mwanzo haukushangazi tena. Rangi nayo ilikuwa ya mafuta ya kopo, ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, iliyopatikana kwenye duka la vifaa. Rangi hii haina tabia za rangi ya mafuta ya tyubu waliyoizoea waliosoma vyuoni. Ni nyepesi, hujisawazisha yenyewe, hufunika vizuri kwa koti moja au mawili, na haitaki kuchanganywachanganywa juu ya ubao. Ukitaka kivuli laini shavuni au mkunjo wa nguo, inakukatalia. Kwa hiyo umbo hujazwa rangi bapa, likasubiriwa likauke, ndipo likapambwa juu kwa mistari na nukta. Wanaouliza kwa nini watu wa Tingatinga hawana vivuli waliulize kopo.

Sasa chukua picha ya soko ya siku hizi, sentimita 60 kwa 80, juu ya kitambaa cha pamba. Kitambaa hukazwa kwenye fremu ya mbao na kupigwa rangi nyeupe ya maji makoti mawili, kisha husuguliwa kwa msasa laini. Anayeruka hatua hii ataona mafuta yakinywewa na nyuzi, rangi ikibaki juu kavu kama chaki, na baada ya miaka kitambaa chenyewe kinakuwa dhaifu pale mafuta yalipoingia. Halafu rangi ya nyuma. Mara nyingi ni rangi mbili zinazokutana, tuseme njano juu na machungwa chini. Huwekwa zote zikiwa mbichi, na mpaka wao ukagongwagongwa kwa brashi pana au kipande cha sponji mpaka usionekane ulipo. Hapo pana dakika chache tu. Rangi ikishaanza kushika, ukiirudia inaacha kovu ambalo hata koti la pili halifichi vizuri. Picha hulazwa hadi kesho yake, na wakati wa masika hata siku mbili.

Ndipo waje watu. Mchoraji huwapanga kwa chaki au brashi nyembamba, na hujaza kuanzia juu kushuka chini, kwa sababu walio juu ndio walio mbali na watafunikwa na walio karibu. Miili yote huenda pamoja kwa kahawia moja au mbili za kopo, halafu nguo, halafu mizigo. Kesho yake tena, juu ya rangi iliyokauka, huja milia ya vikapu, magamba ya samaki, macho na meno. Angalia kanga kwa karibu. Pindo lipo, na mji upo kwa nukta tatu nne, lakini jina la kanga haliandikiki kwenye umbo lenye urefu wa sentimita sita. Mchoraji anachofanya ni kuvuta mstari mweupe, kisha anaukatakata kwa ncha ya brashi yenye rangi ya kanga yenyewe. Rudi nyuma hatua mbili, utaapa kwamba umesoma neno.

Kisha wino, kama wenyewe wanavyopenda kuita ule mstari mweusi wa kumalizia. Wengine hawauweki kabisa, hutegemea tofauti ya rangi peke yake.

Kazi hii huharibika kwa njia zinazojulikana, na ingefaa waandishi wazijue, maana mara nyingi kasoro ya kifaa huandikwa kuwa ni mtindo. Rangi ya mafuta ya kopo haikauki kwa maji kupotea. Huvuta hewa na kugeuka ngumu kuanzia juu. Ikiwekwa nene hufanya ngozi juu huku chini ikiwa mbichi, na ngozi hiyo hujikunja kama ya maziwa yaliyochemshwa. Nimesoma mahali mikunjo hiyo ikisifiwa kuwa ni "ngozi ya tembo iliyochorwa kwa ustadi". Ilikuwa koti nene tu. Aliyeizimua rangi kwa mafuta ya taa badala ya tapentaini ataipata ikichelewa kukauka na ikipoteza mng'ao kwa mabaka, kwa sababu mafuta ya taa huondoka polepole. Nyeupe ya kopo ikikaa gizani, nyuma ya kabati au ndani ya sanduku, hugeuka manjano. Ukiirudisha kwenye mwanga wa kawaida wa chumba hupungua, ila usiianike juani.

Hadibodi nayo hunywa maji kwa pembeni. Pembe huvimba, rangi inapasuka hapo kwanza na kuanza kubanduka. Dawa yake ni kupaka rangi kingo na mgongo, jambo ambalo kwa bei ya ubao mmoja wachoraji wengi wa mwanzo hawakulifanya. Ubao uliopakwa upande mmoja tu pia hujipinda, ndiyo maana mafundi wa fremu hugongomea papi mbili, yaani vipande vyembamba vya mbao, nyuma.

Kitambaa kilishika nafasi ya ubao kwa sababu ya sanduku la msafiri: huviringishwa na kuingia ndani ya begi. Ila rangi ya kopo huzidi kuwa ngumu kila mwaka, na picha iliyoviringishwa kwa kukazwa kama mkeka hupasuka mistari myembamba ya sambamba. Inayobidi kuviringishwa iviringishwe upande wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba lenye kipenyo kisichopungua sentimita 10, na 15 ni bora. Na tafadhali, picha mbichi isifungwe kwa gazeti. Wino huhamia kwenye rangi, na hata gazeti lako tukufu likishagandia kwenye mbingu ya njano halitoki bila kuondoka na mbingu.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi, kwa kuwa badiliko hili la kutoka ubao kwenda kitambaa ndilo, kwa maoni yangu, lililofungua mlango wa picha za watu wengi. Mraba wa futi mbili unadai kitu kimoja katikati. Kitambaa kirefu kinadai upeo wa macho, barabara na msururu wa watu. Wanafunzi wa kwanza wa Tingatinga, akina January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Kasper Hendrick Tedo na Simon Mpata, walibaki karibu na wanyama wake, wakaongeza majani na ndege pembeni. Waliokuja baada yao ndio walioleta kijiji. Mohamed Charinda, mzaliwa wa Tunduru, alizijaza picha zake hadithi za bibi, waganga, misafara ya watumwa na maisha ya kijijini, mpaka ukiitazama moja unaanza kutafuta ianzie wapi kusomwa. Maurus Malikita naye anajulikana kwa picha zilizosheheni watu hadi pembeni, na hospitali zake mtu unaweza kuzikagua kitanda kwa kitanda. Ushirika wa wachoraji hawa ulianzishwa rasmi mwaka 1990, makao yakiwa Morogoro Stores, Oyster Bay, jijini Dar es Salaam, lakini wakati huo "mtindo" ulikuwa tayari umegawanyika mikono zaidi ya kumi.

Na huyo Tingatinga naye hakuanguka kutoka mbinguni na kopo mkononi. Dar es Salaam ya miaka ya 1960 ilikuwa na picha za Kikongo zikiuzwa mitaani, na wengi wanaoifuatilia historia hii huzitaja. Upande wa kusini alikotoka, kuta za nyumba za udongo zilikuwa zikichorwa wanyama na watu. Ukichanganya hayo mawili na hadibodi, njia imeanza kuonekana.

Turudi Kongo basi, kwa kuwa huko Kiswahili kina neno ambalo sisi wa pwani tumelisahau katika mambo ya picha. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya kuchora Lubumbashi, wakati huo Élisabethville. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya waziige. Pilipili Mulongoy akatoka na samaki na ndege juu ya mandhari ya nukta ndogo ndogo, Mwenze Kibwanga akajaza kila umbo kwa vijistari vinavyofuatana kama nyuzi za mkeka, Bela akachora kwa ncha za vidole. Nukta za Pilipili na nukta za Dar es Salaam zinafanana kiasi cha kumfanya mtu atake kusema moja ni mama wa nyingine. Mimi siharakishi kusema hivyo. Rangi bapa kavu, popote duniani, inakualika uipambe kwa nukta.

Kinachonivutia zaidi ni kizazi kilichofuata mjini humo, wachoraji wa mitaani wa miaka ya 1970, na hasa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Walichora juu ya magunia ya pamba ya unga, wakiuza si kwa watalii bali kwa watu wa migodini na wafanyakazi waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Picha hizo waliziita za ukumbusho, na ndilo neno nililosema tumelisahau. Mnunuzi hakununua uzuri peke yake, alinunua jambo la kumkumbusha yeye na wanawe yaliyopita. Maarufu kuliko zote ilikuwa ile ya "Colonie belge", yaani koloni la Ubelgiji: ua wa gereza, bendera juu, mfungwa kalazwa anachapwa, wenzake kwenye nguo za milia, ofisa Mbelgiji kasimama anatazama. Wachoraji wengi waliichora, na mchoraji mmoja aliichora mara nyingi. Kwa macho ya makala zetu hiyo ni "kopi". Kwa mwenye sebule, kumwambia mchoraji abadili mpangilio ili aonyeshe ubunifu ingekuwa sawa na kumwambia imamu abadili sala. Ustadi ulionekana kwenye mambo madogo: mlinzi yupi anaangalia pembeni, mke wa mfungwa amefika na chakula au hajafika, ofisa ana kiko au hana. Tshibumba alikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka hiyo alimchorea mtafiti Johannes Fabian historia nzima ya nchi yake, picha zaidi ya mia moja, huku akieleza kila moja kwa Kiswahili cha Katanga.

Linganisha na kituo cha sanaa cha Paa Ya Paa cha Nairobi. Elimo Njau, Mchaga wa Marangu aliyezaliwa mwaka 1932, ambaye mwaka 1959 alimaliza michoro ya ukutani ya maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, Yesu akiwa amezaliwa kwenye migomba na vilima vya Ukikuyu, alishiriki kuanzisha kituo hicho mwaka 1965. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno, mnyama paa anayepaa. Msimamo wake ulijulikana na kila aliyepita pale: usinakili, kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Kwa kijana wa sekondari anayefuatisha kalenda, ni neno la kumwokoa. Lakini ukilipeleka Lubumbashi au Oyster Bay bila kulipima linawaonea watu. Karakana hufundisha kwa kurudia. Anayeanza hujaza rangi za nyuma, akaruhusiwa miili, akaja kuruhusiwa macho, na kwa muda wote huo anachora picha ya mkubwa wake. Wizi unaanza pale jina linapowekwa. Ubao uliorudiwa na mwanafunzi, ukatiwa saini ya marehemu, ni kughushi, na picha zenye jina la E. S. Tingatinga asizozichora yeye zimo sokoni. Zipo dalili chache za kukagua bila kuwa mtaalamu. Yeye alifanya kazi kati ya 1968 na 1972, kwa rangi ya mafuta ya kopo, juu ya ubao. Kwa hiyo kitambaa chenye rangi ya akriliki na saini yake si chake hata kama chui anacheka vizuri. Hadibodi iliyochakaa na rangi ya kung'aa peke yake pia si ushahidi, kwa kuwa ubao wa zamani unapatikana kwenye dari yoyote iliyobomolewa.

Kuna mstari mwingine wa urithi usiopitia Tingatinga kabisa, na ndio unaopotea kila tunapomwita kila mchoraji wa maisha ya kawaida kwa jina hilo. Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923, alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell. Mwalimu huyo alianza masomo ya sanaa hapo miaka ya 1930, akiwataka wanafunzi wachore wanayoyaona nyumbani kwao. Ntiro alichora hivyo maisha yake yote: kuvuna, kuchimba mfereji, soko la mlimani. Watu wake ni wadogo na nyuso zao hazina maelezo, wapo mbali, wamesambaa kwenye mteremko, na upeo wa macho uko juu sana kiasi kwamba mlima unageuka kuwa ukuta wa kijani. Hakuna nyota wa picha, kazi yenyewe ndiyo nyota. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka mbege kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na jumba la sanaa ya kisasa la New York mwaka 1960, mwaka mmoja kabla Tanganyika haijapata uhuru na yeye mwenyewe kupelekwa London kuwa balozi. Yaani miaka minane kabla ya ubao wa kwanza wa Tingatinga, mchoraji wetu wa maisha ya kawaida alikuwa ameshatundikwa New York. Hili haliandikwi.

Ntiro huyo ndiye aliyemsaidia Jak Katarikawe, dereva kutoka magharibi mwa Uganda ambaye hakupita chuo, na Katarikawe akahamia Nairobi akawa miongoni mwa wachoraji wakubwa wa jiji hilo hadi alipofariki mwaka 2018. Ng'ombe wake wenye rangi za ndoto si wanyama wa porini wa kumuuzia mgeni. Ni majirani, wapenzi, wagomvi. Picha zake na za Sane Wadu, Meek Gichugu, Theresa Musoke na Elimo Njau zilitundikwa London mwaka 2021 ndani ya maonyesho ya Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1984. Armitage mwenyewe ndiye aliyetaka zionekane pamoja na zake. Hapo mtazamaji hahitaji kuambiwa "ameathiriwa na". Anatembea hatua tatu anaona.

Hata kwa Armitage nawashauri waandishi waanze na kitambaa. Yeye hachori juu ya kanvasi ya kawaida, huchora juu ya lubugo, gome la mti wa mutuba linalogongwa kwa nyundo za mbao huko Buganda mpaka linatanuka na kuwa laini kama nguo. Gome hilo lina matundu pale palipokuwa na matawi, na vipande vyake huunganishwa kwa mshono. Mchoraji akilikaza, tundu linaweza kuangukia katikati ya uso wa mtu, na mshono unaweza kukata kundi la watu nusu kwa nusu. Ama alizibe, ama alipangie picha nzima. Armitage huyaacha mengi yaonekane. Anawajua sana wachoraji wa kale wa Ulaya, Goya wa Hispania akiwemo, lakini Goya hakuwahi kupangiwa mkutano wa hadhara na tundu la gome.

Michael Soi naye ni mfano ulio karibu zaidi, maana mchoraji wa kabla yake ni baba mzazi. Ancent Soi alichora vijiji, watu na wanyama wakiwa wamebanana, rangi bapa zilizokatwa waziwazi. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1972, kabaki na ubapa huo na mstari mzito, ila kijiji kageuza kuwa klabu za usiku za Nairobi, wanasiasa, na ule mfululizo wake kuhusu China na Afrika uliowaudhi baadhi ya Wachina wakamfuata studio. Mandhari yamebadilika, jiometria ni ya nyumbani.

George Lilanga, 1934 hadi 2005, nimtaje kwa ufupi, maana yeye huwekwa Tingatinga kwa makosa kuliko wote. Mzizi wake ni vinyago vya mashetani vya Wamakonde na Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha sanaa cha Dar es Salaam. Ukiwaondolea mashetani wake masikio makubwa na vidole vichache, utawakuta wanapika, wanasutana, wanapanda basi.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu ni la mistari miwili ya maandishi madogo. Chini ya kila picha wekeni jina la mchoraji, mwaka, ukubwa kwa sentimita, kimo kikitangulia upana, kilichochorewa na aina ya rangi. Kama picha ni marudio ya mpangilio wa mtu mwingine, semeni "mpangilio wa fulani, mkono wa fulani". Haimshushi mtu hadhi, na inamzuia dalali. Mkitaka kuandika kwamba mmoja amefuata mwingine, taja kitu: upeo wa macho ulio juu, mwili wa rangi bapa, nukta, maandishi ndani ya picha, mraba wa futi mbili. Kisipopatikana cha kutaja, sentensi ifutwe. Na mwaka usikisiwe kwa sura. Rangi ya kopo inazeeka haraka kwenye moshi wa jiko, picha ya miaka mitano inaonekana ya thelathini.

Mpiga picha wenu naye apige mgongo wa picha pia, hata kama hautachapishwa. Kwenye ubao atakuta papi, misumari, pengine mhuri wa duka au bei ya zamani kwa penseli. Kwenye kitambaa ataona kama mafuta yamepenya, maana yake koti la chini lilirukwa. Kwenye gunia la Lubumbashi huenda akakuta bado inasomeka alama ya kiwanda cha unga.

Msomaji wako,
Dar es Salaam